Nitaitwa Binti wa Nani

Kaka yangu wa Croydon ana miwani mbili, moja huivaa machoni na nyingine huipandisha kichwani, ili watu wajue kuwa ni msomi. Siku ile ya Idi alikuja nazo zote mbili. Alikuwa amekodi ukumbi Stratford, akaalika kila mtu wa kwetu aliyeko London, na ukutani, mahali ambapo watu wenye akili zao hutundika maputo, akatundika shajara ya ukoo. Karatasi zilizogundishwa upande kwa upande, mti mkubwa wa majina, unaanzia Omani kwa babu mmoja ambaye hakuna aliyemwona, unapita Unguja na Pemba, unamalizikia kwa vijukuu vya Wembley ambavyo ukivisalimia kwa Kiswahili vinakujibu kwa Kiingereza.

Namwita kaka kwa sababu mama yake na mama yangu ni ndugu, mtu na mdogo wake. Ndivyo tulivyoambiwa siku zote. Mama yake mimi humwita Mama Mkubwa. Majina yao sitayataja, yametajwa ya kutosha kwenye ule ukuta.

Watu walipiga picha. Kila mtu alijitafuta, akijiona anacheka, anamwita mwenzake aje kumwona. Mama yangu naye akasogea. Amepita sabini, moyo wake umechoka na daktari ameshatuambia hivyo bila kuzungukazunguka. Akaanza juu, akashuka na kidole bila kugusa karatasi, kwa baba yake, kwa mama yake, kwa dada yake, kwa kaka zake waliokwishakufa. Baada ya dada yake hapakuwa na mtu. Nikaanza kumtafuta na mimi. Nilimwona kabla yake, na laiti ningeweza kumziba macho ningemziba. Alikuwa chini kabisa, pembeni, nje ya mti, ndani ya kisanduku kilichoandikwa "Waliolelewa Nyumbani." Walikuwa watatu humo. Mpishi wa babu, mtoto wa jirani aliyefiwa na wazee wake, na mama yangu. Mama yangu hakupewa hata "binti" mbele ya jina la mtu. Jina lake peke yake, kama la paka.

 Mama alikula biriani yake, akamwamkia Mama Mkubwa, akambusu mkono kama anavyombusu kila Idi, kisha akaniambia amechoka, twende zetu. Mama Mkubwa alikuwa ameketi chini ya ule mti, mgongo umenyooka, anakaribia tisini na bado anakaa kama bibi harusi. Hakumwambia mdogo wake hata "pole." Mimi nilitaka kuibandua ile karatasi mbele ya watu wote. Mama akanishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Ndani ya treni ndipo aliponiuliza. "Siku yangu ikifika, nitaitwa binti wa nani?"

Nilijua anachouliza, maana wiki chache kabla tulimzika jirani yetu mmoja wa Wembley, mwanamke aliyelelewa na wafadhili tangu mchanga. Kwetu, maiti akishafukiwa, mwalimu huketi penye kichwa cha kaburi akamsomea talkini, kumkumbusha atakachowajibu malaika watakapomuuliza. Humwita kwa jina lake na jina la mama yake. Baba hatajwi. Na asiyejulikana mama yake huitwa mtoto wa Hawa, maana Hawa ni mama wa kila mtu. Vijana wa misikiti ya siku hizi wanasema talkini ni bidaa, na wazee wetu huwajibu kuwa basi wao wasisomewe. Wanawake hatuendi makaburini, lakini wanaume waliporudi walitusimulia, na mama alisikia kama nilivyosikia mimi: binti Hawa. Alitikisa kichwa kwa huruma siku ile. Hakujua kuwa huruma inamrudia.

"Utaitwa binti wa Bibi," nilimwambia. "Mama yako. Binti wa nani tena?"

"Jina analitoa mwanamume mkubwa wa familia," akasema. "Mimi sina mtoto wa kiume. Atakayempa mwalimu jina ni kaka yako. Na kaka yako ameshaandika."

Nilimpigia simu kesho yake asubuhi, kabla hata ya chai. Sikumsalimia.

"Sister, relax," akaniambia. "Mama Mdogo tunampenda sana, hilo halina mjadala. But a shajara is not about feelings. Ni record. Ninayo passport ya zamani ya Bibi. Mama Mdogo alipozaliwa, Bibi alikuwa ameshapita hamsini. Fifty-something! Do the maths. Na watu wazima wote wanajua maneno yaliyokuwa yakisemwa."

Maneno yenyewe ni matatu, mtoto wa kuokota. Mama aliyasikia kwanza akiwa mdogo, kisimani, kutoka kwa mtoto mwenzake waliyegombana naye. Aliyasikia tena siku ya harusi yake, kutoka kwa wifi. Akaja nayo mpaka Uingereza, maana sisi watu wa kwetu tulikimbia na kuacha nyumba, mashamba na makaburi, lakini masengenyo tulibeba yote. Nilimwambia kaka maneno mimi pia, mengi kuliko matatu. Sijutii hata moja.

Kisha nikamwomba anipe mama yake. Mama Mkubwa alinisikiliza hadi mwisho, nasikia pumzi yake kwenye simu.

"Mwanangu," akasema, "yaliyopita si ndwele."

Nimegundua kuwa methali hiyo huipenda sana wale walioyafanya hayo yaliyopita. Wakati ule sikulijua hilo. Nilidhani anamkinga mwanawe tu.

Basi nikaanza kutafuta. Sikuwa na hamu ya ukoo wala nasaba, na mpaka leo sina. Watu wanaokaa usiku na mchana kwenye kompyuta wakiwinda babu wa babu zao naona wamekosa kazi. Nilichotaka ni karatasi moja ya kumpiga nayo kaka yangu usoni, ili afute kisanduku chake, ili mama yangu ajue ataitwa binti wa nani. Nikaandika kwenye hifadhi ya nyaraka kule kwetu. Alinijibu mwanamke mmoja ambaye hata sura yake siijui, akaniomba jina la baba, mtaa, na mwaka kama naujua. Baada ya muda akaniletea picha ya cheti cha kuzaliwa cha mama kwenye simu. Jina la baba, Babu. Jina la mama, Bibi.

Nilipiga kelele kazini. Nikamtumia kaka palepale, bila neno, nikaongeza vile vidole gumba viwili vya manjano kwa kumkebehi. Jibu lake lilikuja kabla sijairudisha simu mkobani. "Tazama aliyetoa taarifa. Babu mwenyewe. Tazama na lini. Mtoto ameshaanza kutembea! Babu angeweza kuwaambia ngamia amezaa, wangeandika."

Kweli, taarifa ilitolewa na Babu, na ilichelewa. Nilimchukia kaka kwa kusema uwongo, lakini siku ile nilimchukia zaidi kwa kusema kweli.

Nilipomwonyesha mama, alicheka, na sikupenda kicheko chake. "Baba alikuwa akiidanganya serikali kwa raha zake," akasema. "Magunia ya karafuu, mipaka ya shamba, umri wa watu. Hakumwogopa karani hata mmoja. Alimwogopa kadhi tu."

"Kwa nini kadhi?"

"Serikali ukiidanganya, unatozwa faini, yamekwisha. Kadhi ukimdanganya, ndoa inakuwa batili, na wajukuu zako wanakuwa watoto wa zinaa. Baba hakuwa mjinga."

Hapo ndipo nilipopata akili. Nikamwandikia tena yule mwanamke wa hifadhi, nikamwomba aangalie daftari za ndoa za kadhi, kila ndoa ambayo Babu alikuwamo, ama yeye mwenyewe anaoa, ama ni walii anaozesha. Nilikuwa na dhana yangu. Niliamini Babu alikuwa na mke wa siri, mwanamke wa shamba labda, akafa kwa uzazi, na Bibi akabebeshwa mtoto. Nilishamtengeneza kabisa huyo mwanamke kichwani, nikampenda, nikamlilia. Nilikuwa tayari hata kumwandikia kaka: huyo hapa, mke wa halali, mchoree tawi lake.

Picha zilikuja Jumamosi moja, mama akiwa anachambua mchele wa mkate wa kumimina pale mezani jikoni. Kurasa zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa haraka umelaliana. Mimi chuo niliacha mapema, nasoma Kurani iliyochapwa vizuri na hapo ndipo ninapoishia. Lakini mama na wanawake wa rika lake waliandikiana barua kwa herufi hizo hizo, kwa Kiswahili, za shughuli na za masengenyo, kwa hiyo nilimpa simu na kumwambia, "Nitafutie mke mwenza wa Bibi."

Alifuta mikono, akavaa miwani, akaanza. Alifurahi kweli. Mke mwenza hakuwepo. Babu alioa mara moja tu. Zilizobaki ni ndoa za ndugu zake na ya binti yake mkubwa. Akawa ananisomea mahari, mashahidi, anacheka, "Loo, huyu naye alikuwa shahidi! Alikuwa mlevi huyu!" Akafika kwenye ndoa ya Mama Mkubwa na marehemu mumewe, binamu yake, baba wa kaka. Hiyo ndiyo harusi inayosimuliwa katika kila harusi yetu London, jinsi mwari alivyotolewa, jinsi alivyopambwa, jinsi wapiga taarabu walivyokesha. Watoto wa Croydon wamelelewa kwa harusi ile.

 Mama akaipanua picha kwa vidole viwili.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Hapa panapoandikwa bikira," akasema, "pameandikwa mtalaka."

"Umesoma vibaya."

"Nimeanza kusoma kabla hujazaliwa." Akaisogeza simu karibu na pua. Akasoma polepole, neno kwa neno, kwa sauti ile ya kusomea barua. Mtalaka wa fulani, akataja jina la mwanamume nisiyemjua, fundi seremala, Mswahili. Eda yake imekwisha kwa kuzaa.

Kwa asiyejua: mwanamke akiachwa hukaa eda kabla ya kuolewa tena, na akiwa na mimba, eda yake huisha siku anapojifungua. Kadhi hafungi ndoa bila kuliuliza hilo. Kwa hiyo Babu, aliyeidanganya serikali nzima ya Mwingereza, alisimama mbele ya kadhi akasema kweli, na kadhi akaandika. Binti yake mkubwa alikuwa ameolewa kabla, ameachwa, na amezaa.

"Ndoa ni ya Mfungo Nane," mama akasema. "Mwaka ni ule niliozaliwa."  Alizaliwa Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, anasema hivyo kila mwaka, yaani miezi miwili tu kabla ya ndoa ile. Na siku zote aliambiwa kuwa harusi ile ilipofanywa yeye ndiye aliyekuwa kitoto kichanga pekee katika nyumba, akalia usiku kucha akawakera wageni. Hapakuwa na mtoto mwingine wa kumdhania.

Aliiweka simu juu ya mchele.

"Nimemwita Dada," akasema. "Miaka yote hii, Dada."

Nikawasha jiko la chai. Nyuma yangu akaanza kuhesabu, si kwa huzuni, kwa ghadhabu ambayo sijapata kuisikia kwake. Kwamba amemfulia. Kwamba amempikia, amembebea vyakula kwa treni na tramu mpaka Croydon kila mfungo, magoti yakimuuma. Kwamba akiwa kigori alipelekwa nyumbani kwake kumlelea wanawe, akawabeba mgongoni mmoja baada ya mwingine, hata huyo kaka yangu mwenye miwani alimbeba yeye. "Na mimi," akasema, "hakunibeba hata siku moja. Nilidhani hanipendi kwa sababu mimi mtoto wa kuokota. Nikasema ana haki."

Nijaribu kuwa mwadilifu, ingawa sitaki. Zamani kwetu msichana akizaa mtoto wa kwanza alimwonea haya. Mbele ya wazee wake hakumpakata, hakumwita mwanangu, hata akilia hakumkimbilia. Bibi ndiye aliyemchukua, akamlea, akaitwa Mama, na mama mzazi akaitwa Dada. Yalikuwa ni malezi mema hayo, ni adabu, na wapo wazee wengi waliokulia hivyo, wanakusimulia wanacheka. Lakini wao, siku moja, mtu aliwaambia. Kwetu hakuna aliyesema. Yule seremala alikuja kutengeneza milango ya nyumba Babu akiwa safarini, mdogo wake Babu akamwozesha Mama Mkubwa, na Babu aliporudi akasema huyu si kufu yetu, halingani nasi kwa asili, atoe talaka. Hayo ya seremala nilikuja kuyapata baadaye, kwa mzee mmoja wa Pemba aliyekuwa hana tena wa kumwogopa. Ile haya ya mtoto wa kwanza iliwapa pazia zuri, wakaliteremsha, wakaliacha hivyo hivyo. Kila aliyemwona Bibi mzee na kichanga akajua kuna jambo, akalijaza mwenyewe kwa neno lililokuwa karibu. Walimwacha mtoto aitwe wa kuokota, naye amezaliwa ndani ya ndoa, kwa mahari na mashahidi.

Jumapili ya pili yake tukaenda Croydon. Mama alivaa baibui lake jipya. Kwa mara ya kwanza hakubeba chakula, na mikono yake ndani ya treni haikujua ikae wapi. Mlango alifungua kaka, miwani kichwani, akafungua mikono amkumbatie. "Mama Mdogo! Karibu, karibu, you should have called." Mama akampita.

Mama Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anatazama tramu.

"Shikamoo," mama akasema. Hakuongeza Dada.

"Marahaba," akajibu, na nikaona kuwa ameshajua. Mtu aliyelisubiri jambo miaka sabini huijua siku yake.

Nilimpa kaka simu. Akaishika mbali, akaisogeza karibu, akabadilisha miwani. Kisha akasema, "Hii imeandikwa nini?" Mtunzi wa shajara! Amechora mti mpaka Omani na hajui kusoma alifu. Ningekuwa na furaha kidogo moyoni ningecheka. Mama akaichukua simu mkononi mwake akasoma kwa sauti, kuanzia juu, jina la walii, jina la bibi harusi, mtalaka, seremala, eda imekwisha kwa kuzaa. Akataja na mwezi.

"It could be somebody else," kaka akasema. "Majina yetu yanafanana."

"Walii ni babu yako," nikamwambia. "Bwana harusi ni baba yako. Nani mwingine?"

"Karani anaweza kukosea. These old records—"

"Juzi ulisema record ni record."

Akamgeukia mama yake. Nakiri uso wake ulikuwa kama wa mtoto, na kwa kitambo kidogo sikumchukia. "Mama? Ni kweli haya?"

Mama Mkubwa alitazama tramu ikipita, akaingoja ipite yote. "Huyo ni mdogo wangu," akasema. "Aliyemlea ni mama yangu."

"Na kwenye kisanduku pamoja na mpishi?" Nilikuwa nimesimama sasa. "Kule pia ni mdogo wako?"

"Sikuandika mimi."

"Uliona! Uliketi chini yake ukala biriani!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu."

Kaka akasema anakwenda kuweka maji ya chai. Ndivyo walivyo wanaume wa ukoo huu. Ni hodari wa kuandika asili za watu, lakini neno lenyewe likitua sebuleni wanakimbilia birika.

Alipotoka tu, Mama Mkubwa aliinama kidogo upande wa mama yangu. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, nyembamba, ya msichana. "Nilikuwa na miaka kumi na tano," akasema. "Waliniambia nisahau, nikasahau. Nilifanya nilivyoambiwa. Usinirudishe kule."

Mama alipiga magoti mbele ya kiti. Magoti yale yasiyopanda ngazi. Nilitaka kumwinua, nilimwonea aibu na uchungu, kwa nini apige magoti mbele ya mtu huyu?

"Sitaki kitu kwako," akamwambia. "Sikulaumu. Akirudi mwanao, useme neno moja mbele yake. Unajua neno gani. Moja tu, kisha nitakwenda zangu na sitakuuliza tena mpaka nife."

Mama Mkubwa akaunyosha mkono wake. Niliuona ukielekea kichwani kwa mama, umefika karibu na mtandio kabisa. Kaka akaingia na sinia, vikombe vinagongana. Mkono ukarudi mapajani.

"Mpe mdogo wangu chai," Mama Mkubwa akamwambia mwanawe.

Kaka akapumua. Nilimwona mwili wote ukilegea, amepewa jibu alilolitaka na hatauliza tena. Akamimina chai, akatia sukari bila kuuliza, akamletea mama pale chini. Mama hakuipokea. Alijiinua mwenyewe kwa kushika mkono wa kiti, akajitengeneza mtandio, akabaki amesimama akimtazama yule mwanamke kwa juu, jambo ambalo nadhani hajawahi kulifanya maishani mwake.

"Jana nimempigia mwalimu wa msikiti," akasema. Mimi sikuwa na habari. "Nimemwachia wasia. Nimempa jina la mama yangu, amelirudia mara mbili kwenye simu, amelishika. Nikifa, sitangoja mwanao aniitie mtu. Nitaitwa kwa jina lako, juu ya kaburi, kwa sauti, na wanaume wote wa kwetu wamesimama. Wanao watakuwepo. Watasikia."

"Usifanye hivyo," Mama Mkubwa akasema.

"Limekwisha kufanywa."

"Mama Mdogo, please," kaka akaanza, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Mama Mkubwa alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Uso ule usiopata kubadilika Idi wala msiba ulikuwa unacheza wote, kidevu, midomo. Nilimtazama na nilifurahi, sitasema uwongo, nilifurahi kumwona anaogopa.

"Basi Mungu anitangulize mimi," akasema. "Asinionyeshe siku hiyo. Anitangulize mimi kabla yako."

"Amin," mama akasema, akanipa mkono wake nimwongoze mlangoni.